Tuliyemuuliza Mvua

Kabla hajaketi, mtu alikuwa ameshamuuliza. Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka Mwalimu: mguu mmoja ndani ya duka langu, mwingine bado uko nje, mkoba wa kitambaa begani, na sauti ya kijana kutoka ng'ambo ya barabara ikiita, "Ticha, leo vipi huko juu?"

Naye hujibu bila kugeuka, "Huko juu sijafika, baba. Nimetoka hapo nyuma kununua vitumbua."

Alikuwa amestaafu kufundisha jiografia. Aliishi chumba cha mbele cha nyumba ya zamani iliyobanwa na maghorofa, nyuma ya mtaa wetu hapa Kariakoo. Mimi nauza vifungo, zipu, lastiki na nyuzi. Alikuja kwangu karibu kila siku kwa sababu nina feni na kiti cha ziada, na kwa sababu, alivyosema mwenyewe, duka la vifungo ni mahali pekee Kariakoo ambapo mteja haongei kwa kupiga kelele. Vijana walimwita Ticha. Sisi wengine tulimwita Mwalimu. Wakimkasirikia walimwita Mama Mvua.

Nieleze kidogo jengo letu, maana bila hilo hutaelewa kwa nini watu wazima walimng'ang'ania mama mmoja kuhusu mawingu. Chini ya maduka kuna stoo kubwa tunayoiita andagraundi. Unashuka ngazi za zege kutoka kando ya barabara, unafika penye taa hafifu na harufu ya nguo mpya. Humo wenye maduka huweka marobota yao ya mashuka, mapazia na vitenge. Wezi hawafiki kirahisi, na kodi ni nafuu kuliko juu. Kasoro yake ni mvua kubwa. Mitaro ikiziba kwa chupa za plastiki na chemba za majitaka zikifumuka, maji hutafuta pa kushukia, na ngazi zetu ziko wazi.

Dawa yake tunaita kupandisha. Unawaita wabeba mizigo, mnatoa marobota yote, mnayapanga barazani, mnayafunika turubai, mnasubiri. Hatari ikipita mnayashusha tena. Anayebeba anaumia mgongo, na mwenye mali anapoteza siku nzima, kwa sababu baraza ikijaa marobota wateja hawana pa kupita.

Msimu mmoja wa masika zamani, Mwalimu alikuwa anapima lastiki ya sketi wakati redio inasoma habari za hali ya hewa. Akasema tu, kama mtu anayejisemea, "Ningekuwa nyinyi ningepandisha." Watu wakapandisha, zaidi kwa heshima ya umri wake. Kesho yake maji yalifika katikati ya ngazi. Tangu hapo hakuna aliyeita mbeba mizigo mpaka Mwalimu aseme neno. Hatukukaa kikao wala hatukumwomba. Ikawa ndiyo kawaida ya mtaa.

Aliyeuliza kuliko wote alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, muuza mashuka na mapazia kutoka Kilimanjaro. Mtaa mzima unamwita Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka wengi wa kwao. Marobota mengi ya kule chini yalikuwa yake. Kwa hiyo kila wingu lililopita juu ya Kariakoo lilipita pia juu ya kichwa cha Mangi.

Mwalimu hakupenda kuitwa mtabiri. "Mtabiri ni yule aliyekaa na mitambo," alisema. "Mimi namsoma kwa sauti." Na kweli, sikumbuki hata siku moja akitazama juu kisha akatuambia jambo. Alisema mbingu ya Kariakoo inaonekana vipande vipande katikati ya maghorofa, na kipande cha mbingu hakimwambii mtu kitu. Alichokuwa nacho ni subira ya kuyafungua maneno ya redio mpaka yaingie kichwani mwa mtu aliyechoka, mwenye wateja, aliyesimama juani.

Tuanze na milimita, maana ndizo zilizotusumbua. Redio ikisema mvua ya milimita hamsini, vijana walicheka. Milimita hamsini si hata kifundo cha mguu, sasa ya kutishia nini? Mwalimu alichukua sinia langu la vifungo, akalimwaga, akaliweka sakafuni. "Fikirieni sakafu ya Dar nzima iko sawasawa kama sinia hili. Mvua inyeshe, isitiririke, isizame, isikauke. Maji yatakayosimama juu ya sinia yatafika kina hicho. Ndicho wanachopima." Kisha akaeleza kwamba milimita moja juu ya kila mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Milimita hamsini ni lita hamsini, yaani madumu mawili na nusu kwa eneo la mkeka mdogo tu. "Sasa hesabuni mapaa ya mtaa huu. Yote yanamwaga wapi?" Kila mtu aligeuka kutazama ngazi za andagraundi. Hakuna aliyecheka milimita tena.

Maneno hali ya hewa na tabianchi aliyatenganisha kwa kutumia duka la Mangi. Mangi alikuwa analalamika kwamba siku nzima hajauza hata foronya. "Hiyo ni hali ya hewa," Mwalimu akamwambia. "Leo mbaya, kesho labda nzuri. Lakini unajua shule za bweni zikikaribia kufunguliwa wazazi watakuja kununua mashuka?"

"Hilo najua hata nikiwa usingizini."

"Umelijuaje?"

"Miaka, Mwalimu. Miaka mingi ya kusimama hapa."

"Basi hiyo ndiyo tabianchi. Huioni kwa siku moja. Unaijua kwa kusimama mahali pamoja muda mrefu."

Na ukisikia msimu wa mvua za wastani, usidhani mvua itakuja polepole na kwa adabu. Wastani wanaupata kwa kujumlisha mvua za misimu mingi iliyopita na kuzigawanya. Msimu unaweza kuwa wa wastani kabisa kwenye hesabu, na nusu ya mvua hiyo ikawa imeanguka alasiri moja. Mwalimu alilisema hili kila mwaka, na kila mwaka kuna aliyekuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Sikuwahi kumwona akikunja uso kwa sababu hiyo. Alivuta pumzi kidogo tu, kama mtu anayepandisha ndoo ya mwisho ya maji kwenda ghorofani, akaanza upya.

Mtu wa namna hii ungetegemea awe na mwavuli. Hakuwa nao. Alilowa mara nyingi kuliko sisi sote, akaingia dukani akikamua ncha ya khanga yake. Siku za angalizo alifua. Nilimuuliza kwa nini anaanika nguo siku redio imetangaza mvua, akasema nguo zilikuwa chafu. Mwezi wa tatu nguo zake zilikaa kambani mpaka zikaanza kunuka, naye akazigeuza somo. Hewa, alisema, hubeba maji ambayo huyaoni, na huo ndio unyevunyevu. Ikishabeba karibu yote inayoweza kubeba, nguo haina pa kutolea maji yake, na jasho lako pia halina, ndiyo maana unahisi joto kuliko kipimo kinavyosema. Chupa ya soda baridi ikiloa kwa nje haivuji. Ni hewa iliyo jirani yake imepoa, imeshindwa kubeba, imeshusha mzigo hapo. Wabeba mizigo walilipenda sana somo hilo. Kwa wiki nzima waliitana hewa.

Na aliogopa radi. Alikueleza vizuri kabisa kwamba umeme na ngurumo hutokea pamoja, ila mwanga unakimbia kuliko sauti, kwa hiyo kadiri ngurumo inavyochelewa ndivyo radi ilivyo mbali. Kisha ikipiga, unamkuta amejikunja nyuma ya kaunta yangu, vidole masikioni. "Kujua ni kitu kingine, mwanangu," aliniambia kutokea kule chini. "Niachie nafasi nikae."

Nilichojifunza kutoka kwake ninachokitumia zaidi ni somo la kopo. Simu za siku hizi zinatoa mvua kwa asilimia, na asubuhi moja Mangi alikuja na yake mkononi.

"Imeandika asilimia sabini. Sasa hiyo thelathini inakwenda wapi? Itanyesha kutoka Ilala, ikifika dukani kwangu iishie?"

Mwalimu aliniomba kopo tupu na vifungo kumi vya shati, vyeusi saba na vyeupe vitatu. Akavitia, akatikisa. "Cheusi ni mvua, cheupe ni ukavu. Tia mkono bila kuchungulia."

Mangi akatia mkono, akatoa cheupe, akakiinua watu wakione. "Leo jua."

"Kopo limedanganya?"

Akachungulia ndani kwa muda. "Kopo halijadanganya. Ni mkono wangu."

"Basi hata wanaotabiri hawadanganyi mvua isiponyesha. Wanakwambia kilichomo ndani ya kopo. Kitakachotoka hawakishiki wao."

"Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini wabeba mizigo hawatanielewa nikiwalipa vifungo."

Tulicheka wote, na Mwalimu alicheka. Ila alipokaa nilimwona anavichambua vile vifungo polepole, vyeusi huku, vyeupe huku, mpaka chai yake ikapoa.

Siku za mawingu chai yake ilipoa hivyo hivyo. Mtu anaweza kubeba mzigo bila kuinua kitu chochote, na mimi nilikuwa namtazama akifanya hivyo kutoka upande wa pili wa kaunta. Akisema pandisheni, aliona wanaume wakipanda na kushuka ngazi kwa neno lake, shingo zimejaa mishipa. Asiposema, alikaa na sikio mlangoni. Kila tone juu ya bati lilimshtua. Niliwahi kumwambia aache, awaambie watu wajiamulie. "Nimewaambia," akajibu. "Wakaniuliza, sasa wewe unaonaje?"

Kisha ukaja msimu wa masika wa vifungo vyeupe. Matangazo yalifuatana, yeye akasema pandisheni, watu wakapandisha, na Kariakoo ikabaki na vumbi lake. Mara moja, katikati ya manung'uniko, akatokea mama anayetuletea samaki kutoka Feri, amelowa chapachapa, beseni kichwani.

"Mbona nyie wakavu?" akashangaa. "Huko Feri nimevuka maji mpaka magotini."

Mwalimu alisimama kwa furaha niliyokuwa sijaiona muda mrefu. "Mnaona? Walisema baadhi ya maeneo. Feri ni eneo. Wingu la mvua linaweza kumwaga mtaa mmoja na kuruka wa pili."

"Sawa," Mangi akasema, amekalia robota. "Basi tupeleke mashuka yangu Feri yakapate haki yake."

Watu walicheka, na kuanzia siku hiyo mzaha ukaota meno. Wabeba mizigo wakimwona wanamwita, "Mama Mvua, leo unatubebesha wapi?" Mwingine anamjibu mwenzake, "Jiandae, ameshika redio." Naye anawapungia mkono, anaingia, anakaa. Hakuna aliyekusudia kumuumiza. Walikuwa wamechoka, naye alikuwa karibu.

Angalizo lililofuata lilipotolewa, kiti chake dukani kwangu kilibaki kitupu. Kwenye grupu la mtaa watu wakaanza kuulizana, Ticha kasemaje? Mangi akaniomba niende. Nilimkuta amekaa kitandani, mlango wazi, redio mapajani imezimwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanauliza umesemaje."

"Nimesikia walichosikia." Akaishika redio kwa mikono miwili. "Nikisema na isinyeshe, nimewatesa. Nikisema na inyeshe, wananiangalia kana kwamba nimeileta. Nimechoka, mama. Leo sisemi."

Nikarudi nikawaambia hivyo hivyo: amechoka, leo hasemi. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo sijui kama mtaa mwingine wowote ungelifanya. Redio ilikuwa imesema. Simu zilikuwa zimesema. Lakini sisi kwa miaka yote tulikuwa tumezoea kwamba Mwalimu akinyamaza, hakuna mvua. Watu wakashusha mabega, wakafungua biashara. Hakuna robota lililopanda.

Mvua ilikuja mchana. Chemba ya kona ilifumuka kwanza, kisha maji yakapata ngazi. Wabeba mizigo waliokoa walichoweza, lakini safu yote ya chini ilikuwa ya mapazia ya Mangi, mapya, hayajafunguliwa hata kamba. Yalitoka meusi, yananuka.

Nilimfuata Mangi alipokwenda mlangoni kwa Mwalimu, maana niliogopa atasema nini. Alikuwa amekunja suruali, matope mpaka magotini. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwalimu, kwa nini hukusema?"

Angeweza kumjibu kwa mengi, na yote yangekuwa haki yake. Alisema, "Pole, Mangi. Pole sana." Kisha akamwomba aingie anawe miguu.

Haukupita muda binti yake akaja kumchukua, akakae naye Tabata. Nyumba yenyewe ilikuwa inauzwa ijengwe ghorofa. Lile kopo na vifungo vyake kumi alinirudishia.

Alipoondoka tulilazimika kusoma wenyewe. Nilishangaa tunajua kiasi gani. Mbeba mizigo mmoja alimweleza mgeni, mbele yangu, kwamba maonyo yana ngazi zake: angalizo maana yake fungua macho, jiandae, tahadhari maana yake madhara yanaweza kuwa makubwa, anza kuchukua hatua, tahadhari kubwa maana yake acha shughuli nyingine, okoa maisha na mali. Alivyolitamka "angalizo", akitulia kidogo kabla ya kuendelea, ilikuwa sauti ya Mwalimu kabisa. Lakini kujua maneno na kuita wabeba mizigo ni vitu viwili. Kila tangazo likitoka tulitazamana. Mangi alipandisha nusu, akaacha nusu, akashinda siku nzima akienda kuchungulia ngazi.

Nilimwona tena Mwalimu mwanzoni mwa masika yaliyopita. Alikuja Kariakoo kuchukua miwani yake mpya, akapita kunisalimia. Alikuwa amepungua, na anatembea akigusa ukuta. Asubuhi hiyo hiyo redio ilikuwa imetoa angalizo la mvua kubwa kwa pwani nzima. Habari kwamba Ticha amekuja zilifika ng'ambo ya barabara kabla sijamaliza kumpanguzia kiti.

Mangi alikuja kusimama mlangoni. Nyuma yake wabeba mizigo walijifanya wanarekebisha kamba za mkokoteni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mangi. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Akakuna kichwa. "Umesikia redio?"

Nilimwona Mwalimu anavyofunga macho kidogo. Ni mwendo mdogo sana, lakini niliufahamu, na nilitamani nimsukume Mangi nje.

"Nimesikia," akasema. "Ngoja na mimi nikuulize. Ukipandisha isinyeshe, utaumia wapi?"

"Mgongo wa hawa. Na siku moja bila wateja."

"Na ukiacha, ikanyesha?"

Mangi akatazama ngazi za andagraundi. "Hilo unalijua."

"Silijui. Mimi sikuwa na mapazia kule chini. Kilichomo ndani ya kopo wameshatwambia. Kipi utakiweza na kipi hutakiweza, hapo mtu wa redio hafiki, na mimi sifiki."

 Juani alipita mtu anauza maji ya baridi, tukasikia sauti yake mpaka ikapotelea mwisho wa mtaa. Kisha Mangi akageuka, akawaambia wale watu, kwa sauti yake ya kawaida, "Pandisheni. Yote."

"Ticha kasema?" mmoja akauliza.

"Nimesema mimi."

Wakaanza. Mimi nilimwagizia Mwalimu chai ya tangawizi, na safari hii aliinywa ingali moto. Aliuliza habari za zipu, kama Wachina bado wanaleta zile zinazokatika meno. Aliuliza habari za mama wa samaki. Marobota yalikuwa yanapita mlangoni, moja baada ya jingine, na yeye hakuyatazama. Nilipogeuka kumhudumia mteja wa lastiki na kurudi, alikuwa amelala, kichwa kimeegemea rafu ya nyuzi, mdomo wazi kidogo, miwani mpya ikiwa bado kwenye kasha mkononi.

Alilala saa za mchana zote. Mbeba mizigo mmoja alipoanza kupiga kelele kuhusu kamba, Mangi alimwonyesha kwa kidole ndani ya duka langu, akamwambia, "Taratibu. Mwalimu amelala." Wakaendelea kwa kunong'ona, wanaume wazima na marobota mgongoni, wanapishana kwenye ngazi kama watu walio msikitini. Mawingu yalikuja, yakasimama juu yetu, yakaondoka kuelekea baharini. Alasiri jua lilipiga turubai mpaka likanuka.

Mwalimu aliposhtuka alikaa wima, mkono ukaenda sikioni. "Imenyesha?"

"Haijanyesha, Mwalimu," nikamwambia.

Akatoka mpaka mlangoni, akavaa miwani yake. Akaona baraza nzima imejaa marobota makavu, wabeba mizigo wamekaa juu yake wanafuta jasho, na Mangi ameegemea nguzo, shati limemganda mgongoni. Akamgeukia Mangi. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kulitengeneza neno pole.

"Cheupe, Mwalimu," Mangi akasema kabla hajalitoa. "Kimetoka cheupe." Akajinyoosha, akashika robota la karibu yake kwa kamba, akawaita wenzake waje kushusha.

Mwalimu alibaki pale mlangoni akiwaangalia wakishuka. Kisha akarudi kwenye kiti chake na kuniuliza kama chai bado ipo.